Siku Tuliyokwenda Kumlilia Nyakundi

Asubuhi hiyo nilikuwa nafua. Katika kambi yetu ya wafanyakazi wa chai, karibu na Kiptere, maji ya bomba yalitoka kwa zamu, na zamu yangu ilikuwa imefika. Mume wangu, Nyakundi, alikuwa ametoka shifti ya kiwandani, ameketi mlangoni akimsuka Moraa nywele. Binti yetu alikuwa na miaka minne, na baba yake alimsuka vibaya. Majirani walicheka. Matokeo ya uchaguzi yalikuwa yametangazwa, watu wakawa wananong'ona, lakini sisi Wakisii, ingawa nchi ile ni ya Wakipsigis, tulikuwa tumeishi pale miaka mingi. Nilianika nguo.

Saa saba mchana tuliona moshi upande wa juu wa kambi.

Nyakundi alifunga mlango wa mbele, akatutoa kwa dirisha la nyuma.

"Shika mtoto, ingia kwa chai. Usisimame."

"Na wewe?"

"Nakuja."

Nilikimbia. Nililala chini ya michai, mkono wangu juu ya mdomo wa Moraa.

Mabati yalianza kuanguka.

Hakuja.

Jioni askari walitutoa humo, wakatupeleka kituo cha polisi. Siku ya tatu nikaambiwa mwili wake umepatikana. Barabara ya kwenda Kisii ilikuwa imefungwa kwa mawe na magogo. Ilipofunguliwa, ndugu zake walimchukua, wakamzika. Mimi nilikuwa kambi ya wakimbizi, Nakuru. Ningeweza kwenda baadaye, lakini sikwenda. Ningemwambia nini mama yake? Kwamba nilikimbia nikamwacha mwanawe? Miaka ikapita. Nikarudi Kiptere kwa sababu kuchuma chai ndiyo kazi niliyoijua, nikapanga chumba, nikachuma katika mashamba ya wenyeji. Nikisikia bati likigongwa, nilitupa kapu nikalala chini ya michai.

Mama Atieno ndiye aliyenivuta. Alikuwa Mjaluo, zamani akiuza mkate kambini kwetu, na kibanda chake kiliteketea siku ile ile. "Alhamisi tunaketi nyuma ya kanisa," alisema. "Wamama tu. Hakuna mchango. Ukitaka kunyamaza, nyamaza."

Nilinyamaza miezi mitano. Tulikuwa tisa: Wajaluo, Wakisii, na Wakipsigis watatu. Wakisimulia, mimi nililia au nilitazama chini.

Alhamisi moja Mama Kiprono alisimama. Alikuwa Mkipsigis, mtu mzima, mpole, ambaye mara nyingi alinibebea kapu likinilemea.

"Asubuhi ile vijana walikula kwangu," alisema. "Nilisonga ugali, nikawapa na maziwa. Kiprono wangu alikuwa katikati yao. Nilijua wanaenda kambini. Sikuuliza kitu. Alirudi jioni, akanawa mikono sana. Mpaka leo hakuli chakula nimepika."

Nilitoka nje. Nilishika njia ya kwangu. Mama Atieno alinifuata hadi barabarani.

"Sikuambii urudi," alisema. "Nakusindikiza tu."

Tulitembea hadi kwangu. Nilikaa majuma matatu bila kwenda. Nilimchukia Mama Kiprono, na kila usiku nilijikuta nikiwaza kwamba katika miaka yote hiyo, ni yeye peke yake aliyewahi kuniambia ukweli wa siku ile. Wengine wote wa upande wake walisema hawakuwepo.

Nikarudi. Safari hii nilisema mimi. Nilisema kuhusu dirisha, na kwamba sijawahi kuliona kaburi la mume wangu.

Nikaketi. Kisha Mama Kiprono akasema, "Twende tukamlilie. Wakinifukuza, nitarudi. Lakini twende."

Tulikwenda Kisii tisa sote, na Moraa wa kumi. Mama mkwe alikuwa ameketi nje, mzee sana, akipukuchua mahindi. Nilipiga magoti.

"Nilikimbia, Mama. Nilimwacha."

Alinishika kichwa kwa mikono miwili. "Ulitoka na mtoto," alisema. "Nimekungoja tangu siku ile uniletee huyu mtoto."

Mama Kiprono alikuwa amebaki langoni. Alijitaja mwenyewe: jina lake, anakotoka, chakula alichopika. Mama mkwe aliweka gunzi chini.

"Sina neno la kukuambia," alisema. "Lakini jua ni kali. Ingia."

Kaburi liko kando ya migomba. Nilianguka juu yake, na wale wanawake wakaanguka pamoja nami, kila mmoja akilia kwa lugha ya kwao. Sijui tulilia muda gani. Najua kwamba nilipoinuka, mikono iliyonishika ilikuwa mingi.

Hakuna aliyeshtakiwa. Kiprono sijamsamehe, na mama yake hajaniomba. Moraa ni mtu mzima sasa, na hukumbuka kidogo sana. Juzi aliniuliza baba yake alichekaje. Nilifungua mdomo, nikakosa. Niliishi na yule mtu miaka saba, na kicheko chake kimenitoka.

Alhamisi nikawaambia wenzangu. Mama Atieno aliweka kikombe chake chini.

"Alikuwa anakohoa kwanza," alisema. "Anakohoa mara mbili, kama anataka kujizuia, halafu anashindwa."

Ni kweli. Ndivyo alivyokuwa akicheka.