Mwenyeji au Mhamaji?

Juzi nilikuwa kwenye steshenari moja hapa Kilosa, nasubiri kutoa kopi. Mbele yangu mwalimu wa jiografia alikuwa akisoma kwa sauti somo lake lililotoka kuchapwa, akikagua makosa. Lilihusu nchi ya jangwani: mchanga mtupu, mvua ya kubahatisha, mchana joto, usiku baridi. Akafika kwenye historia.

"Wenyeji wa kale walikuwa wafugaji wahamaji, waliofuata maji na malisho."

Mzee mmoja mfugaji, fomu ya kuombea barua ya utambulisho mkononi, akainua fimbo kama mwanafunzi anayetaka kuuliza.

"Mwalimu, rudia hapo. Wenyeji, au wahamaji?"

"Ni hao hao, mzee wangu."

Mama mmoja mkulima akacheka. "Hapo wamekosea kuchapa. Mtu ni mwenyeji au ni mhamaji. Hawezi kuwa vyote viwili!"

Mwalimu akashika kalamu, akaiweka, akanitazama mimi. Nami nikatazama dari. Babu yangu alilima hapa, na mpaka juzi nilikuwa najua kabisa mwenyeji ni nani.

Mzee akanyoosha fomu yake. "Mimi nimezaliwa hapa. Kila nikiandika mwenyeji, ofisi ya kijiji wananiuliza nimehamia lini."

Akamgeukia binti wa mashine ya kopi.

"Mwanangu, huo ukurasa wa jangwani nitolee kopi mbili. Moja ya mwenyekiti wa kijiji. Nyingine mpe huyu mama."

Nilitaka kuagiza ya tatu, yangu. Nikaona haya.