Nilimpiga Rafiki Yangu Akizama, Kisha Nikala Kuku wa Mama Yake

Msinihurumie! Naanza na hilo kabisa, maana nimeshahurumiwa vya kutosha na watu wasiojua nilichofanya. Nilimpiga rafiki yangu ngumi za uso wakati anazama baharini. Nilimpiga mpaka akaniachia.

Jina langu niachieni. Mjue tu kwamba ni fundi wa matairi pale Shelui, mkoani Singida, kandokando ya barabara kuu, malori yanaposimama. Na mjue kwamba mimi ni mtu wa hasira. Tangu shule ya msingi watu walikuwa wananiogopa, nami nilikuwa nafurahia! Kwenye kidole cha kati cha mkono wa kulia nilivaa pete niliyojitengenezea mwenyewe kwa nati ya lori. Ndani niliisugua mpaka ikawa laini, nje nikaziacha kona zake zote sita. Nilipenda watu waitazame tukiwa tunabishana.

Rafiki yangu namwita Elia, ingawa si jina lake. Ni fundi cherehani wa Kiomboi, mpole mpaka anakera. Tumesoma wote, tumechunga wote, tumechapwa fimbo na mwalimu mmoja kwa kosa moja. Kwa mama yake ni mtoto wa pekee.

Safari ilikuwa wazo langu. Nilimwambia Elia pamoja na Jumanne, mwenzetu anayekamua alizeti, kwamba haiwezekani tuzeeke tunaona vumbi tu, twendeni Unguja tukaone bahari. Hela hatuna? Madereva wa malori nawajua, watatupakia mpaka Dar es Salaam. Chakula? Tutabeba! Tukafunga unga wa uwele, mlenda mkavu, sufuria na jiko la mkaa. Jumanne akasema sisi ni watalii wa kiroba.

Siku ya kuondoka nilipitia nyumbani kwa kina Elia kumchukua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu." Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaubana. "Hii nati yako inauma, baba. Sikiliza. Elia hajui kuogelea, na mimi sina mwingine. Nakukabidhi wewe."

Nikacheka. "Mama, mimi nimekulia kando ya Kitangiri! Maji ni ndugu zangu."

Ziwa Kitangiri kwetu ndiyo maji makubwa tuliyoyajua. Maji yake yanakaa. Masika yanaongezeka, kiangazi yanapungua, na kila badiliko linachukua miezi, unaliona linakuja. Nilidhani maji yote duniani yako hivyo. Ujinga wangu wa kwanza ulikuwa huo, na laiti ningeishia hapo!

Tulipanga chumba kimoja kwenye kijiji cha pwani ya mashariki ya kisiwa, tukalala kwenye mikeka. Siku mbili za kwanza, jamani, tulifurahi mno. Jumanne alisonga ugali kwa maji ya bahari ili tusihangaike na chumvi, tukautema wote watatu, tukacheka mpaka tukalala chini kwenye mchanga. Elia aliingia maji ya magoti tu, akasema yanamtosha. Nikamwita mwoga. Nilimwita mwoga asubuhi, mchana na jioni.

Siku ya tatu, saa sita mchana, tukakuta bahari imeondoka! Kweupe, mchanga mtupu, na maji yanaonekana mbali kama mstari. Jumanne akabaki ufukweni na jiko lake. Mimi nikamvuta Elia, tukatembea kuelekea kule kwenye mstari. Tukavuka bonde la mchanga lenye maji ya vifundoni, tukapita mashamba ya mwani, ile mimea ya baharini wanayoifunga kwenye kamba zilizokazwa kwa vijiti, tukafika kwenye fungu la mchanga lililoinuka. Nikapiga picha nimekunja ngumi.

Akaja mama mmoja mtu mzima, kajifunga kanga kiunoni, ametoka kwenye mwani wake.

"Wanangu, maji yanajaa. Rudini! Yanaanza kujaa kwa nyuma yenu, kwenye lile bonde."

Mtu mzima kama yule kwetu unaanza na shikamoo hata kama nyumba inaungua. Mimi sikumwamkia. Nilimwambia anatufukuza kwa sababu ya majani yake. Akanishika kiwiko, anivute. Nikamsukuma kwa nguvu! Akaanguka kwenye vijiti vyake, kimoja kikamchana paja. Akainuka anachechemea, akaenda zake ufukweni kwa haraka.

Elia akaniangalia kama hanijui. "Umempiga mama wa watu! Umekuwa mnyama? Mimi narudi."

Nikamzaba kofi. Akarudishia, mara ya kwanza katika maisha yetu yote, akanipata mdomoni. Basi! Damu yangu mwenyewe niliyoionja ilinipandisha wazimu. Tukagalagazana kwenye ule mchanga, nikamkalia kifuani, nikamshindilia mchanga mdomoni, nikawa nampigia kelele aseme kwamba yeye ndiye mwoga. Sijui tulipigana kwa muda gani. Nilishtuka magoti yamelowa.

Fungu lilikuwa limebaki kama mkeka. Nikatazama ufukweni. Lile bonde la maji ya vifundoni lilikuwa mto!

Nikamwambia Elia anishike, tunavuka, mimi naogelea. Akanishika. Baada ya yote niliyomfanyia, alinishika, kwa sababu aliniamini. Maji yakafika kiunoni, kifuani, kisha chini hapakuwa na chini. Mkondo ukatubeba ubavu. Kuogelea kwangu kote kwa Kitangiri kukaisha. Nikameza maji, nikatapatapa, na Elia ananing'inia shingoni, analia, "Kaka usiniache! Kaka usiniache!"

Nikageuka nikampiga.

Ngumi ya kwanza ilimpata shavuni. Hakuachia. Ya pili ilimpata jichoni, nikasikia kitu kinapasuka chini ya pete. Maji yakawa mekundu, nikayaona, nikampiga tena palepale. Nikamuuma vidole vilivyoshika kola yangu. Alipoachia akazama kidogo, nami nikamkanyaga! Nilitia mguu begani kwa mtu niliyekabidhiwa, nikamsukumia chini ili mimi niruke juu. Kule kuruka ndiko kulikonifikisha kwenye maji ya kifua, nikatambaa mpaka mchangani.

Nilipogeuka niliona mkono tu. Halafu sikuuona.

Mtu akanipita mbio. Ni yule mama! Kajifunga kamba ya mwani kiunoni, ncha nyingine imeshikwa na wanawake wenzake, paja linatoka damu niliyoitoa mimi. Akaingia kwenye ule mkondo ambao anajua kila shimo lake, akazama, akaibuka amemshika Elia nywele. Wakawavuta wote wawili. Wakamlaza Elia kifudifudi, wakamkamua maji mgongoni, akatapika, akapumua. Uso ulikuwa umechanika.

Yule mama akautazama mkono wangu. Akasema maneno mawili tu, "Kafiri wewe," na hakumaanisha dini yangu.

Jumanne akaja anakimbia na mwiko mkononi. "Oya, kumetokea nini?"

Hapo ndipo nilipofanya kosa hasa ninaloungama. Nilijibu haraka, kama vile jibu nilikuwa nimeliandaa. "Mwamba. Kajigonga kwenye mwamba nikiwa namvuta."

Elia alikuwa anasikia. Alinitazama kwa jicho moja lililobaki zima, akalifumba.

Jicho la kushoto lilikufa. Daktari alisema hivyo, na hakuna cha kurudisha. Tukarudi Singida, njia nzima Jumanne peke yake ndiye aliyekuwa anaongea, na kila tuliposimama aliwaeleza watu jinsi nilivyomwokoa mwenzangu. Nilimwachia aeleze. Tulipofika Kiomboi habari ilikuwa imetutangulia, madereva wa bodaboda wakaniita shujaa wa bahari.

Mama yake Elia alichinja jogoo. Akaninawisha mikono mwenyewe, akimimina maji taratibu, yakapita juu ya pete. Chakula kilipoletwa, firigisi akaniwekea mimi. Mnajua kwetu firigisi anapewa mgeni wa heshima. Elia alikaa mbele yangu na bandeji yake, hakula. Mimi nilikula! Nilikula nyama, nikafyonza na mifupa, kwa sababu macho yote yalikuwa yananitazama na nilidhani nikikataa watashtuka.

Aliponisindikiza njiani, Elia aliongea mara moja tu. "Ukitaka yajulikane, utayasema mwenyewe. Mimi mdomo wangu siutumii tena kukutaja." Tangu siku hiyo mbele za watu ananisalimia. Tukiwa wawili, ananipita kama nguzo ya umeme.

Nilidhani nitazoea. Thubutu! Dereva mmoja alifika kuzibiwa tairi, akanipiga begani kwa furaha, "Shujaa wa bahari, habari yako!" Nilikuwa nimeshika chuma cha kufungulia tairi. Nilimpiga nacho mkononi, mfupa ukalia, na alipoanguka nikaendelea mpaka wenzangu wakanirukia. Mtu kanisifu tu! Nililala mahabusu, nikamlipia matibabu, na malori yale yaliyokuwa yakisimama kwangu sasa yanasimama kwa jirani. Mchumba wangu alikuja kunitoa, akaniangalia, akasema anaogopa kuzaa na mimi. Akaenda. Simlaumu.

Mwezi uliopita nilishindwa kuvumilia. Nilipanda gari asubuhi mpaka Kiomboi. Nilimkuta Elia kwenye cherehani barazani, na mama yake kakaa pembeni kwenye kigoda. Elia akinyoosha mkono, mama anampa sindano ya mkono, ya kushonea vifungo, ikiwa na uzi. Jicho moja halimtoshi kulenga tundu la sindano, ndugu zangu. Mama wa watu mwenye mvi ndiye anayemtungia uzi mwanaume wa miaka thelathini na mbili!

Nikapiga magoti pale mavumbini. Nikasema yote. Fungu la mchanga, yule mama, ngumi, meno, mguu begani. Nilisema mbele ya wateja wawili waliokuja kupimwa. Elia akasimamisha cherehani, lakini hakugeuka.

Mama hakushtuka. Alichukua sindano nyingine kwenye kopo.

"Nilikuwa najua," akasema.

"Elia alikwambia?"

"Elia hajafungua mdomo. Mimi ndiye nilikuwa namsafisha kidonda, asubuhi na jioni. Shavuni palikuwa na alama, na pembeni ya jicho nyingine, zimekaa sawasawa. Zina kona. Nami ile nati iliniuma mkono siku unanichukulia mtoto." Akaniangalia. "Jiwe gani la Mungu lina kona sita, baba?"

Nikasema, "Sasa mama, kama ulijua, mbona ulinichinjia jogoo?"

"Nilikupa firigisi nione kama itakupita kooni." Akalamba ncha ya uzi, akaupitisha kwenye tundu. "Ikapita."

Akamkabidhi Elia sindano. Elia akaichomeka kwenye nguo, cherehani ikaanza tena. Hakuna aliyeniambia niinuke, wala aliyeniambia niondoke. Nilisubiri kupigwa, nilitamani kupigwa! Hakuna aliyenigusa. Niliinuka mwenyewe, nikarudi Shelui, na ile pete niliikata kwa msumeno wa chuma vipande viwili. Kidole kimebaki na alama.

Kwa hiyo nawaambia nyie wenzangu wa bara mnaochangishana kwenda kuona bahari. Nendeni, ni nzuri. Lakini yale maji hayakai kama ya kwetu, na mwenyeji akikwambia rudi, rudi, umwamkie na umshukuru. Na nyie wenye ngumi kama mimi, mnaosema hasira yenu ni ya dakika moja tu, mimi dakika yangu moja inatungiwa uzi Kiomboi kila siku.

Na kama umeshakosea, sema siku hiyohiyo, hata kama sauti inatetemeka. Usingoje watu wakuite shujaa. Sema kabla mama wa mtu hajakumiminia maji mikononi.