Pampu Kabla ya Udhu

Mama alipokuja kunitembelea Penrith, huku ughaibuni ninakoishi, asubuhi ya pili tu alinikuta bafuni nikivuta dawa ya pumu. Alisimama mlangoni, kanga kichwani, koti langu la baridi likimfika magotini.

"Umebanwa?"

"Hapana, mama."

"Unakohoa?"

"Sikohoi."

"Sasa hiyo ya nini?"

"Ya kunizuia nisibanwe."

"Haya," alisema, kwa sauti ambayo kwetu maana yake ni kwamba mazungumzo ndiyo kwanza yanaanza.

Nilikuwa na pampu mbili. Ya buluu ni ya kufungua kifua kikishabana. Ya rangi ya chungwa ni ya kinga: huoni chochote ukiivuta, kwa sababu inatuliza njia za hewa polepole, na unatakiwa kuivuta asubuhi na jioni hata ukiwa mzima. Mwaka uliotangulia nilikuwa na ya buluu peke yake. Moshi wa misitu wanayoichoma kwa mpango huko milimani, ili kuzuia mioto mikubwa ya kiangazi, ulipotushukia, nililazwa hospitali, nikatoka, nikarudishwa. Daktari ndipo aliponiandikia hii ya pili. Nikaamua: mwaka huu silazwi.

Mama naye alikuwa ameamua niachane na pampu kabla hajarudi Tanga. Watu wengi kwetu wanaamini kuwa pampu ndiyo hatua ya mwisho ya pumu. Ukishaianza, kifua kinaizoea na hakitaki tena kufanya kazi chenyewe.

"Binamu yako alianza hivihivi," aliniambia tukimenya viazi. "Leo hata msibani anakwenda na kidude mkononi."

"Yeye ana ya buluu tu, mama. Ya kinga hana."

"Na wewe mwenye mbili, umepona?"

Niliendelea kuvuta.

Baada ya muda sauti ilianza kunikauka, kisha nikaona utando mweupe kwenye ulimi. Mama aliushika mdomo wangu akaugeuzia dirishani, kama alivyokuwa akinikagua nikiwa mdogo.

"Hiyo ndiyo kinga?"

Siku hiyo nikitoka kazini Parramatta nilipita kwenye duka la dawa karibu na stesheni. Mfamasia hakuniambia niache. Aliniuliza nikishavuta nafanya nini. Nikamjibu kuwa navaa viatu nawahi treni. Akacheka kidogo. Dawa inayobaki mdomoni, akasema, ndiyo inayoleta utando. Kila ukivuta, sukutua kwa maji uteme. Akanipa na dawa ya kuuondoa.

Kwenye treni nilijiuliza ni wakati gani mimi husukutua bila kukumbushwa. Jibu lilikuwa rahisi: ninapotawadha. Nikajipangia kuvuta kabla ya udhu wa alfajiri na kabla ya udhu wa isha.

Mama hakupendezwa. "Udhu ni wa sala, si wa madawa."

"Sichanganyi, mama. Navuta, nasukutua, natema. Halafu ndiyo natia nia na kuanza udhu wangu mwanzo."

Alifikiri. "Mwanzo kabisa?"

"Mwanzo kabisa."

Utando ukaisha, sauti ikarudi.

Kisha moshi wa milimani ukatushukia tena. Tuliamka mtaa wote umekuwa wa kijivu, nguo tulizoacha kwenye kamba zinanuka majani yaliyoungua. Mama alikuwa na miadi ya macho mjini, na hatukuweza kuiahirisha. Tulitembea hadi stesheni, tukapanda ngazi kwa sababu lifti ilikuwa mbovu. Nilihisi kifua kizito kidogo, ya buluu nikaiweka mfuko wa karibu. Sikuihitaji. Tulipokaa ndani ya treni, mama ndiye aliyekuwa akihema. Mimi nilikuwa nikimweleza namna ya kubadili treni.

"Hujavuta ile nyingine?"

"Sijavuta."

Alinitazama kifuani, si usoni, mpaka tukapita stesheni mbili tatu. Sikumdai akiri chochote.

Lakini mpango wangu ulikuwa na tundu. Zilipofika zile siku ambazo mwanamke hasali, nililala mpaka saa ya kazi. Hakukuwa na udhu, na bila udhu sikuikumbuka pampu asubuhi wala jioni. Kesho yake mlango wa chumba changu uligongwa kukiwa bado giza.

"Mama, mimi sisali leo."

"Najua husali. Na mapafu nayo yako likizo?"

Niliinuka. Alikuwa amesimama na pampu ya rangi ya chungwa mkono mmoja, kikombe cha maji mkono wa pili. Alinisubiri nivute, nizuie pumzi, niachie. Kisha akanipa kikombe.

"Sukutua vizuri," alisema. "Usimeze."