Uso Mwekundu wa Babu Lau

Juzi nilimpeleka mama mjini Greenbelt, kwenye onyesho la chama cha opera ya Kikantoni. Alipotokea mchezaji aliyepakwa uso mwekundu, nilikumbuka mchana mmoja wa utotoni: harufu ya rangi ya mafuta, na matoazi yaliyolia mpaka meno yakauma.

Babu Lau, jirani yetu Mchina, ndiye aliyenilea mama akiwa kazini. Siku hiyo alicheza jemadari mtakatifu wa uso mwekundu. Nilimkimbilia nyuma ya pazia nikiita, "Babu, ni mimi!" Akageuza uso bila neno. Niliamini ananionea haya mbele ya wenzake. Nililia mapajani mwa mama, akanibembeleza. Sikukanyaga tena kwa Babu Lau.

"Mchezaji akishapakwa ile rangi haongei na mtu mpaka ainawe," mama alininong'oneza juzi pale onyeshoni. "Ni kumheshimu huyo jemadari."

"Umejuaje, mama?"

"Lau aliniambia nikwambie mapema, usije ukaumia."

"Mbona hukuniambia?"

Mama hakuyatoa macho jukwaani.

"Ulikuwa ukianguka unamwita yeye," akasema. "Huniiti mimi."