Mapepo ya gauni langu la harusi

Jamani, leo mume wangu amekiri kosa, na wala sikumuuliza kitu!

Tangu juzi gauni langu la harusi limekuwa likitokeza madoa ya kahawia.
Kila nikiliangalia, yameongezeka. Nimefua kwa sabuni, nimefua kwa limau, wapi!
Na Jumamosi hii mdogo wangu Rehema analivaa kanisani.

Nikaamini nyumba yetu hapa Rahaleo ina mapepo.

Mchana nikawa namsomea mume wangu hadithi ya kutisha (mapenzi yetu ndivyo yalivyo, msituulize). Nilipofika pale muuaji anaposikia ukutani sauti ya aliyemuua, mume wangu akaruka kitini, jasho linamtiririka.

"Basi, mke wangu, basi! Ni mimi! Nilikula mabibo!"

Kumbe siku nilipomwomba aanike gauni, alikuwa anatafuna mabibo, yale matunda ya mkorosho, huku amelibeba. Mnajua maji ya mabibo: yakidondoka huyaoni, yakikauka hayatoki tena.

"Mbona ulinyamaza?"

"Nilitaka kusema. Ulipoanza kukemea mapepo, nikaogopa utanikemea na mimi."

Sasa mtu mtamu hivi unamfanyaje? Nimembusu, nikampa sindano ashonee maua ya utepe mweupe juu ya kila doa. Ameinama hapa pembeni yangu, ulimi nje, mzuri kama siku ile ya harusi.

Uwiii! Amejichoma kidole, na damu imedondokea palepale kifuani!

Rehema mdogo wangu, kama unasoma hapa, unayaonaje maua mekundu?