Pikapu Zilizoitwa Zirudi Kiwandani

Kaka yangu mkubwa aliuza magari. Duka lilikuwa katikati ya Kigali, chini kidogo ya mtaa wa Kiyovu, na mbele ya kioo chake ilisimama daima pikapu moja nyeupe iliyooshwa ikang'aa. Mimi nilitoka Bujumbura, tulikozaliwa, nikaja kuishi naye mtaa wa Gitega, humo humo Kigali, mwaka 1990, muda mfupi kabla vita havijaanza kaskazini. Nilifungua kibanda cha kushona nguo karibu na nyumba, na jioni tulikula pamoja, yeye akinisimulia nani kaja dukani na nani kaondoka na funguo.

Hakuwa na haja ya kuwabembeleza wateja. Toleo la zamani la pikapu ile lilikuwa limepanda kila mlima wa nchi, likabeba viazi, saruji, maharusi na majeneza, na fundi yeyote wa kando ya barabara aliweza kuliamsha kwa bisibisi na kipande cha waya. Toleo jipya lilipoingia, watu walilipokea kwa imani waliyokuwa nayo kwa lile la kwanza. Walipofika dukani hawakuuliza kama ni zuri, waliuliza kama limebaki. Kaka naye aliamini. Wateja walimwalika kwenye harusi zao, na aliyesita alimwambia kwamba gari lile angemrithisha mwanawe.

Jioni moja mwaka 1992 tulikuwa tunakula, redio inasema Kifaransa juu ya kabati. Kifaransa changu kilikuwa cha kuombea maji. Nilimwona kaka ameacha kutafuna. Taarifa ilipokwisha alinieleza kwamba kiwanda kinawataka watu wa Ulaya wenye pikapu za toleo jipya wazirudishe zikatengenezwe. Ule mpira unaopeleka mafuta ya breki kwenye gurudumu la mbele ulikuwa umepita karibu mno na tairi. Gari likiwa na mzigo, na usukani ukikatwa hadi mwisho, mpira unasuguana na tairi, na kadiri siku zinavyopita unalika.

"Halafu?" nilimuuliza.

"Halafu unapasuka. Unakanyaga breki, mguu unazama hadi chini, gari linaendelea kwenda."

Asubuhi yake, kabla duka halijafunguliwa, yeye na fundi wa duka waliingia chini ya pikapu iliyokuwa ikisomba mizigo ya kampuni. Walikata usukani, wakaangalia nyuma ya gurudumu. Mpira ulikuwa umechunwa upande mmoja kama kiatu kilichotembelewa sana.

Kaka alikwenda kwa mkurugenzi wa duka. Mkurugenzi alikuwa mtu mpole, na yeye ndiye aliyempa kaka kazi wakati wengine walipomkataa kwa sababu ya lafudhi yetu ya Burundi. Alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwamba vipuri havipo, kwamba njia ya Uganda imefungwa na vita, na kwamba vikiagizwa kupitia Dar es Salaam hakuna ajuaye vitafika lini. Kuwaambia watu leo ni kuwapa ugonjwa bila dawa.

"Watu wanaogopa barabara, wanaogopa soko, wanaogopa jirani," alimwambia. "Sasa unataka waogope na magari yao?"

Kaka alirudi nyumbani akanirudia maneno yale, na akashindwa kuniambia yana kosa wapi. Nadhani kilichomnyima raha ni kwamba hayakuwa uongo mtupu. Alizunguka uani muda mrefu. Siku chache baadaye fundi alipata njia ya muda: alikunja waya mnene, akaufunga mpira uvutike ndani, mbali na tairi. Haikuwa tiba, lakini ilitosha kumfikisha mtu hadi vipuri vitakapokuja. Hapo kaka akaamua kuwaendea wateja wake mmoja mmoja, bila kumwambia mkurugenzi.

Tulikwenda Jumapili baada ya misa. Alinitaka niende naye kwa sababu siku zile mwanamume akibisha hodi peke yake, mlango haukufunguliwa upesi. Mtu wa kwanza, mchuuzi wa bia, alitusikiliza akiwa amesimama. Kisha akamwita mkewe aje asikie, na kesho yake akaleta gari kwa fundi. Tulirudi tukiwa wepesi. Nilidhani wote watakuwa hivyo.

Mtu wa pili alikuwa mjane aliyekaa mtaa wetu wa Gitega, mwanamke mwenye sauti nzito aliyesomba ndizi na mihogo kutoka Masoro. Alikuwa amekimbia kutoka kaskazini vita vilipofika kijijini kwao. Alitukaribisha, akatupa chai ya maziwa, na kaka alipomaliza kueleza akacheka kidogo.

"Mwana wetu," alimwambia, "hii gari ilinitoa kwetu na watoto wangu na vitanda na mbuzi, mabomu yanaanguka nyuma. Watu wote walikimbia wakaniacha. Hii gari haikuniacha. Leo unakuja kuniambia iko mbaya?"

Kaka akamwambia hasemi ni mbaya, anasema ina kasoro moja ndogo inayoweza kushikwa na waya. Mjane akajibu kwamba anawajua watu wa maduka, kwamba gari likidumu wanakosa wateja, ndipo wanapoanza kulitafutia ugonjwa. Hakusema kwa hasira. Alituongezea chai. Tulipoaga, alituonyesha pikapu ile uani, imefunikwa turubai kama mtu anayelindwa na mvua.

Jumapili iliyofuata tulipanda Kiyovu kwa mteja mwingine, afisa wa serikali. Mlinzi alisema bwana mkubwa amepumzika, tungoje. Pikapu ilikuwa imesimama nje ya lango, magurudumu yamekatwa. Kaka alishindwa kuvumilia. Alipiga goti, akaingiza kichwa nyuma ya gurudumu aone mpira ulivyo.

Mtu aliyekuwa Kigali wakati ule ataelewa. Mabomu yalikuwa yamelipuka mjini, sokoni na ndani ya magari ya abiria, na hakuna aliyejua yametegwa na nani. Mtu kuchungulia chini ya gari la afisa lilikuwa jambo la kuuawa palepale. Mlinzi alimkanyaga kaka mgongoni akapiga kelele. Nilikaa chini na mikono kichwani kabla hata sijaambiwa.

Tulipelekwa kituo cha jandarme, askari wa usalama wa serikali. Walitaka kujua nani ametutuma. Kaka alieleza habari ya mpira, ya redio, ya kiwanda cha ng'ambo, na kadiri alivyoeleza ndivyo ilivyozidi kusikika kama hadithi iliyotungwa. Yule aliyekuwa akimhoji alimkatiza.

"Kiwanda kiko mbali huko, kinajua habari ya gari iko Kigali? Na wewe, hii Kinyarwanda yako ni ya wapi?"

Waliposikia Bujumbura, walitutenganisha, kaka akaingizwa chumbani peke yake. Sijui walimfanya nini kaka chumbani mle. Hakuniambia hata siku moja, nami nilimwona tu anashikilia mbavu. Jua lilipokuwa linashuka mkurugenzi, aliyepigiwa simu kutoka kituoni, alifika. Alizungumza nao kwa Kifaransa, kwa adabu, akawahakikishia kwamba ni mfanyakazi wake na kwamba habari ya gari ni kweli. Ilibidi aikiri mbele yao ndipo tutoke. Nje, kabla hajaingia garini mwake, alimwambia kaka asirudi kazini. Kaka alimshukuru. Mimi sikuweza kumwangalia hata mmoja wao.

Baada ya hapo nilimsihi kaka aache. Nilimwambia amefanya la kwake, na kwamba nikifiwa naye Kigali sina mwingine. Aliacha. Alishinda uani akirekebisha viti vya watu, na kila pikapu ya aina ile ilipopita barabarani aliinua kichwa, akasikiliza mpaka sauti ikapotea.

Msimu wa mvua, mpira wa gari la mjane ulipasuka. Alikuwa anateremka kuelekea stendi ya Nyabugogo na shehena ya ndizi, wifi yake amekaa kando yake. Alipoona breki hazishiki, aliliingiza gari ukingoni mwa barabara ili lisiwafikie watu waliokuwa wamejaa chini. Yeye alivunjika mkono. Wifi yake alifariki papo hapo.

Mjane alimtuma mtu amwite kaka. Kaka alidhani anaitwa kulaumiwa, nami nikamsindikiza. Tulimkuta amekaa kwenye mkeka katikati ya waombolezaji, mkono umefungwa. Alimwangalia kaka.

"Uliniambia," akasema.

Kaka aliinama akamshika mkono mzima. Nafikiri angeweza kubeba lawama yoyote, lakini neno lile lilimshinda, kwa sababu alipotoka alikaa kwenye jiwe mbele ya nyumba yetu akasema kwamba alipaswa kurudi kwake mara ya pili, na ya tatu, na kuufunga waya kwa nguvu kama ingebidi.

Msiba ule ulifanya kile ambacho sisi hatukuweza. Wenye pikapu walimiminika kwa fundi, hata wa mikoani, na foleni ikafika barabarani. Duka nalo likabandika tangazo mlangoni, la maneno machache, kuwataka wateja walete magari yakaguliwe. Yule afisa wa Kiyovu alimtuma dereva wake. Hakuna aliyemwita kaka kazini, na hata angeitwa sidhani angekwenda.

Mwaka 1993 tuliondoka tukahamia Bukoba, kwa binamu yetu aliyefanya kazi kwenye ghala la kahawa. Mauaji yaliyotokea Kigali mwaka uliofuata tuliyasikia kwa redio, na kisha kwa watu waliovuka mpaka. Kaka alikuwa akiwauliza habari za wateja wake, mmoja baada ya mwingine. Wengi hawakuwajua. Wengine walimwambia asiulize zaidi.

Nilirudi Kigali miaka mingi baadaye, kwa safari fupi, nikaenda Gitega kumtafuta mjane. Nyumba yake ilikuwa imeezekwa upya, na waliokaa humo walikuwa watu waliokulia ukimbizini Uganda, wakarudi vita vilipokwisha. Hawakuwahi kumsikia. Walinipa kiti na maji ya kunywa, wakaniuliza nimetoka mbali kiasi gani.