Simu Iliyokuwa Ikilia Nusu

Bertha aliwapikia wasichana wa shule ya bweni kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na hata baada ya kustaafu mikono yake ilikataa kujifunza kusonga ugali wa mtu mmoja. Kila siku ulibaki. Mumewe, Ambrosi, alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Mwanawe Shedrack alikuwa na familia yake Ilomba, Mbeya. Binti yake, Anjela, alikuwa Kanada, akiwaogesha na kuwalisha wazee wa watu katika nyumba ya kutunzia wazee. Nyumba yao ya mtaa wa Kihesa ikabaki na Bertha na kuku wake, na ule upepo wa mwezi wa saba unaopenya chini ya mlango hata ukiziba kwa gunia.

Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Simu za kupapasa kioo zilimshinda, na ile ya kitochi aliipokea kwa kubahatisha vitufe. Ndiyo maana Anjela, alipokuja likizo, aliingiza intaneti ndani, akanunua simu ya mezani yenye namba kubwa kama vifungo vya koti, akaichomeka kwenye kiboksi cheusi kilichokaa pembeni ya ruta, mashine ya intaneti.

"Hiki ndicho kinachogeuza intaneti kuwa simu, Mama," alimweleza. "Nikipiga kutoka kule ni kama napiga kwa jirani. Taa hii ikiwa ya kijani, ujue tuko pamoja."

Wakawa pamoja. Kila jioni Anjela alipiga akitoka zamu ya usiku, maana kwake ilikuwa ndiyo asubuhi, na wakaongea mpaka mkaa ukafifia jikoni.

Siku moja Anjela akasema, "Mama, hamia kwa Shedrack. Ukianguka humo ndani nani atajua?"

"Mimi si kabati la kuhamishwa," Bertha akajibu, na siku hiyo waliagana kwa mkato.

Haukupita muda, mvua ya radi ikapiga, umeme ukaruka, na chaja ya kiboksi ikaungua. Bertha aliipeleka sokoni. Muuzaji akajaribu chaja hii na ile hadi akapata moja ambayo pini yake iliingia. Nyumbani taa ikawaka kijani, na alipoinua mkono wa simu akasikia mlio wake. Akashukuru, akaketi kusubiri jioni.

Kuanzia hapo simu haikuita tena. Mara nyingine ilitoa "kri" moja fupi, kama mtu aliyeanza kusema akaghairi, halafu kimya. Bertha alipoiinua haikuwa na uhai. Akiinua tena baada ya muda, mlio umerudi. Alisema moyoni ni mtandao tu. Lakini jioni zilivyozidi kupita, akaanza kusema ni Anjela. Amenuna. Angeweza kupiga kwenye kitochi, mbona hapigi?

Jumapili moja baada ya misa Shedrack alimpigia kwenye kitochi.

"Mama, Anjela anasema hupokei simu yake."

"Simu haijalia."

"Anasema inaita kidogo halafu inakatika. Anadhani unamkatia."

"Mwambie sijamkatia mtu."

"Si umpigie wewe, muyamalize?"

Kwa malezi aliyolelewa Bertha, mtoto ndiye anayemtafuta mzazi. Akawaulizia wajukuu, wakaagana.

Hata hivyo hakuliacha jambo hilo. Alipiga kwa watu wa kampuni ya intaneti, wakamwambia achomoe kila kitu, asubiri kidogo, arudishe. Akachomoa, akasali Salamu Maria tatu taratibu, akarudisha. Taa zikawaka. Kesho yake "kri", kimya. Akapiga tena. Kijana wa upande wa pili akasema kwao huko simu inaonekana iko hewani. Akatumwa fundi, akabadilisha waya mmoja, akainua simu, akasikiliza. "Nzima hii, mama," akasema, akaondoka. Jioni ile Bertha aliketi kwenye kigoda karibu na meza ya simu, amejifunga blanketi, akiisikiliza isivyolia.

Alipolalamika kwa mara nyingine akaletewa fundi mwingine, dada wa mtaa wa Ipogolo aliyeitwa Happy.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Najua utasema ni nzima."

Happy akacheka, akavua viatu, akakagua ruta, akagusa kila waya. Kweli, kila kitu kilikuwa kizima.

"Ukiiinua ni nzima," Bertha akasema. "Inakufa ikiitwa."

Happy akageuka kumtazama. "Basi tuiite."

Akapiga kwa simu yake ya mkononi. "Kri." Palepale taa za kiboksi zikazimika zote, kisha zikaanza kuwaka moja moja, polepole. Ruta pembeni haikuzimika. Akapiga tena, ikawa vilevile. Ndipo akachomoa chaja, akaimulika kwa tochi, akasoma maandishi madogo mgongoni mwake.

"Hii haikuja na kiboksi."

"Ya kwanza iliungua. Hii nilipewa sokoni."

"Pini ni sawa, lakini nguvu yake ndogo. Kiboksi kikikaa kimya inakitosha. Kengele ikitaka kulia inavuta umeme mwingi, chaja inashindwa, kiboksi kinazimika na kuanza upya. Kwa hiyo kila anayekupigia anakizima."

Bertha akaigusa ile simu. "Kumbe alikuwa anapiga."

"Nani, mama?"

"Mwanangu."

Kesho yake Happy alirudi na chaja inayofaa. Alipopiga, simu ikalia kengele nzima, tena na tena, hadi kuku wakakimbia barazani. Bertha akamkaribisha chai na viazi. Happy alikunywa amesimama, maana mteja mwingine alikuwa anamngoja, kisha akaenda zake, na nyumba ikarudia ukimya wake.

Jioni ikafika, simu haikulia. Jioni ya pili pia haikulia. Sasa hapakuwa na ubovu wa kusingizia. Simu ilikuwa nzima, na mtoto alikuwa amechoka kujaribu. Bertha aliona afadhali ilipokuwa mbovu.

Jioni ya tatu akavuta kigoda, akazipapasa zile namba kubwa, akapiga mwenyewe.

"Mama?"

"Ni mimi. Simu ilikuwa mbovu. Chaja."

"Nilidhani unanikatia."

"Nami nilidhani umenuna."

"Nilinuna kweli, Mama. Mwanzoni."

"Hata mimi," Bertha akasema. Kisha akauliza, "Krismasi unakuja?"

"Sitapata ruhusa. Nilimwambia Shedrack akuambie."

"Hajaniambia."

Anjela akasema, "Nimetoka zamu, sijala. Ngoja nipike kidogo nilale."

"Usikate. Weka simu hapo hapo, nisikie unapika."

Bertha akasikia maji yakifunguliwa, kisu kikigonga ubao, mafuta yakichemka. Hakusikia sauti ya mtu mwingine, wala redio, wala mlango. Baadaye kiti kikavutwa, kijiko kikagusa sahani.

"Unakula na nani?"

"Peke yangu, Mama. Siku zote nakula peke yangu."

Miaka yote hiyo Bertha hakuwahi kuuliza. Alimfikiria binti yake katikati ya watu wengi, kwenye nchi ya taa na magari. Akausogeza mkono wa simu karibu zaidi na sikio.

"Kula taratibu," akasema. "Mimi nipo."